Kamera Isiyo na Kioo

Muuzaji aliniuliza nataka kamera ya kazi gani. Nikamwambia ya kila siku. Akaangalia kiondo changu, akaangalia raba zangu, akacheka kwa heshima, maana vijana wa biashara hapa Voi wamejifunza kucheka kwa heshima. "Sasa shosho, wewe kila siku unapiga nini?" Nikamwambia kwanza mimi si shosho wala nyanya yake, aniite Mama Shali kama mji mzima unavyoniita, na pili nilikuwa nikipiga watu picha kabla mama yake hajavunja ungo. Hapo akaanza kutoa kamera kwenye kabati moja moja, kama mtu anayetoa vifaranga chini ya kuku. Jina lake Kyalo. Jumamosi anapiga harusi, siku nyingine anauza kava za simu na kamera zilizotumika kutoka ng'ambo. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa kubwa, nyeusi, na mkono wangu uliijua kabla sijaishika vizuri. Nikaiweka jichoni, nikamlenga yeye mwenyewe akiwa amesimama mbele ya chaja zake, nikabonyeza. Ikalia kla! na giza likaingia. Kidogo tu, kama mtu amepepesa. Nikairudisha mezani.

"Hii ina kioo ndani. Sitaki."

"Mama Shali, hizi ndizo za kazi. Hata mimi mwenyewe—"

"Nimekwambia sitaki. Nataka ile ambayo nikibonyeza haifumbi jicho."

Akaniangalia tena, na safari hii hakuangalia raba. "Kumbe unataka mirrorless," akasema. Basi kama hivyo ndivyo inavyoitwa, ndiyo hiyo. Nieleze kwa wasiojua. Kwenye kamera tulizokuwa nazo sisi, na hata ile kubwa ya Kyalo, kuna kioo kidogo kimelala mshazari nyuma ya lenzi. Hicho ndicho kinachokuletea sura ya mtu kwenye kitundu unachochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, na wakati ule ule ambao filamu inaona, wewe huoni kitu. Hawa wa siku hizi wamekitoa. Ndiyo maana kamera zao ni ndogo, zinaingia kwenye kiondo pamoja na sukari na majani ya chai. Lakini mimi sikwenda pale kwa sababu ya udogo. Nimeishi karibu maisha yangu yote na kile kigiza, na ndani yake kuna msichana mmoja anaitwa Saru.

Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo watoto wangu watayasoma kwenye mazishi yangu. Nitaanza na mazishi ya mtu mwingine. Juzi nilipanda Mbololo kumzika mzee mmoja wa kanisa. Juu ya jeneza walikuwa wameweka picha iliyopigwa na simu, zile simu zinazolainisha uso mpaka mtu anakuwa kama yai lililomenywa. Mzee yule alikuwa na kovu hapa kwenye paji, alilipata akichimba mawe, watu wote walimjua nalo. Simu imelifuta. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikakasirika badala ya kulia. Wakati wa chakula mwanamke mmoja akaja na sahani za pilau, yake na yangu, amefunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, nywele mvi zimechungulia. Akakaa bila kuniuliza kama kiti kina mtu.

"Wewe ni Wakio wa studio," akasema.

Hakuna anayeniita Wakio siku hizi. Wanaoniita hivyo wote nimewazika. "Na wewe ni nani?"

"Mkamburi. Mdogo wake Saru."

Kijiko changu kilibaki hewani. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto, ameshikilia leso ya nyanya yake, uji umemkaukia kidevuni. Sasa alikuwa mzee kama mimi, na alikuwa amekuja na jambo, nililiona kwa vile alivyoweka sahani chini bila kula.

"Ile picha uliyompiga dada, Nyanya aliipeleka kule," akasema, akaonyesha kwa kidevu miamba iliyo juu ya mashamba. Sisi Wakristo huwa tunaiangalia miamba ile kwa pembe ya jicho, maana mafuvu ya wazee wa zamani yamo mapangoni mwake.

"Najua. Nilikuwapo alipoichukua."

"Nimeenda."

"Wewe? Mama mzima wa kanisa?"

"Sikwenda kuabudu. Nilikwenda kutafuta dada yangu. Mwanangu alikata njia na panga. Wazee wako pale pale, vichwa vimepangwa kama alivyosema Nyanya. Lile kopo alilotilia picha liko. Nikalifungua." Akafuta vidole kwenye leso, na havikuwa na kitu. "Mchwa, Wakio. Udongo tu. Wamekula mpaka pembe za karatasi."

Nikala pilau. Yeye akangoja nimeze. "Sikiliza. Uso wa dada yangu mimi sina. Nakumbuka mkono wake ukininawisha, maji baridi. Sabuni nakumbuka. Nikiutafuta uso unanijia wa mama. Mwenye studio alikufa, Nyanya alikufa. Mtu aliyeiona ile picha na bado yuko hai ni wewe peke yako. Niambie, alikuwaje?"

Mimi nimebishana na wakubwa wa ardhi mpaka wakanipa hati yangu. Nimewatoa wapangaji sugu kwa mdomo tu, bila askari. Pale nilifungua mdomo ukatoka upepo. "Alikuwa mzuri," nikasema.

"Kila maiti alikuwa mzuri," Mkamburi akasema. "Nimekuuliza alikuwaje."

Mwaka wa picha ile nilikuwa nimeshuka Voi bila cheti chochote. Shule niliiacha nikijua kusoma, kuandika na kujumlisha, na sijaona mpaka leo nilichokosa. Bwana Athmani, mtu wa Pwani aliyekuwa na studio karibu na stesheni, alinichukua kwa sababu Saru alimwambia nina mikono mitulivu. Saru alitangulia kuajiriwa. Kazi yake ilikuwa watu: kuwapokea, kuwakalisha, kuwafunga tai, kuwavisha koti. Koti lilikuwa moja, jeusi, la studio, na kila mwanamume aliyetaka kuonekana ana maana alipigwa picha ndani yake. Nyuma Saru alilikaza kwa pini za kufulia ili limkae mwembamba, na mnene alimwambia, "Wewe mzee usipumue mpaka nikuambie." Walimcheka, wakasahau kuogopa, na hapo ndipo Bwana Athmani alipobonyeza. Siku moja nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia mkewe, "Hawa wasichana wa milimani Mungu amenigawia vyema. Wakio ana jicho, Saru ana uso. Laiti wangalikuwa mtu mmoja, ningalifunga duka nikalala." Mkewe akamjibu, "Lala tu, kwani sasa wafanya nini?"

Tulipanga chumba kimoja nyuma ya reli, kitanda kimoja cha kamba, na treni ikipita vikombe vilivyotundikwa kwenye misumari vilikuwa vinagongana. Mimi nilikuwa nachukia sauti ile, Saru anasema ni vikombe vinasalimiana. Jumamosi alikuwa anarudi kutoka Mbololo na kimanga cha nyanya yake, mhogo na maharagwe yamepondwa, kimefungwa kwenye jani la mgomba, na tulikila baridi siku mbili. Ukutani upande wa pili alikaa fundi wa reli na mke wake. Waligombana kila jioni juu ya chumvi. "Umetia mara mbili!" "Sijatia hata mara moja!" Saru alikuwa anagonga ukuta kwa kijiko na kuwaambia walete hicho chakula huku tuonje tuamue. Siku moja walileta kweli. Kilikuwa hakina chumvi hata kidogo, na Saru akaapa mbele yao wote wawili kwamba kiko sawa kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ningemwambia Mkamburi hayo, lakini yeye hakuniuliza habari ya chumvi.

Kamera ya Bwana Athmani ilikuwa ya Kirusi, nzito kama pasi ya mkaa. Na ilikuwa na tabia moja ambayo kamera za baadaye hazikuwa nayo: kioo chake kikiruka, hakirudi. Kitundu kinabaki cheusi mpaka uvute filamu kwa kidole uende picha nyingine. Mara ya kwanza nilipoishika nilidhani nimeivunja, nikapiga kelele. Bwana Athmani akacheka mpaka akakaa chini. "Ndivyo ilivyo, mwanangu. Picha haionwi na mpigaji. Wewe wapiga, Mungu aona, kisha wasubiri dawa." Nililichukua kama mzaha wa mtu mzima. Baadaye niliona hakukuwa na mzaha wowote ndani yake.

Jumapili moja aliniruhusu kubeba kamera mpaka chumbani nizoee kuilenga. Saru alikuwa amekaa kizingitini, anachagua maharagwe kwenye uteo. Jua la alasiri lilikuwa limemwingia upande mmoja wa uso. Nikapiga goti kwenye vumbi la uani.

"Inua uso."

"Nikiinua uso utakula mawe."

"Nitakula. Inua."

Akainua, akatoa meno yote. Mimi sasa nikaanza kazi yangu. Nikazungusha lenzi, sura ikaja ikapotea, nikarudi, nikakumbuka sijapima mwanga, nikapima, nikazungusha tena. Mikono mitulivu haimaanishi mikono ya haraka. Saru akasema bila kufunga meno, "Wakio, vumbi linaingia." Nikamwambia atulie. Nikaona meno, nikaona jua shavuni, nikabonyeza. Kla! Giza. Nilipovuta filamu na kitundu kikafunguka, alikuwa ameshainamia uteo wake, naona utosi tu na mistari ya nywele.

"Umenipata?" akauliza.

"Nimekupata," nikajibu.

Kabla ya Jumapili ile tulikuwa tumekwenda wote watatu upande wa Ndara, kupiga wachungaji wa ng'ombe picha za kipande, yaani kitambulisho. Tulitundika shuka kwenye ukuta wa zizi, na Saru akawavisha mmoja baada ya mwingine lile koti juu ya shuka zao. Picha zilipokuwa tayari, baada ya Jumapili ile, ni yeye aliyepeleka, kwa sababu alijua kila uso na jina lake, na mimi nilibakishwa kwa ajili ya harusi. Alipanda lori la ng'ombe asubuhi, bahasha kifuani. Lori likamshusha upande huu wa korongo, avuke mchanga kwa miguu kama watu wote wanavyovuka. Voi siku ile jua lilikuwa linachoma. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, mbali, na maji ya milimani hayapigi hodi. Wachungaji waliokuwa wakimngoja ng'ambo walituambia, "Tulimwona ameshuka mchangani, akatupungia. Halafu tukasikia mlio." Maji yalimkuta katikati.

Tulitafuta mpaka kwenye nyika tambarare ambako maji yanatandaa na kupotea. Hatukumpata, hata kiatu. Tulichopata ni picha. Maji yalikuwa yameipasua bahasha na kuzitupa kwenye miiba, na yalipokauka zikabaki zimening'inia, nyuso za wachungaji wa Ndara kwenye kila kichaka, zimejikunja kidogo, wanaume wale wote wamevaa koti moja. Upepo ukija zinageuka. Zinakuangalia, zinaacha. Bwana Athmani alizichuma moja moja kama matunda, analia, anazifuta kwenye kanzu. Mimi nilisimama. Nilikuwa natafuta kama kati yao kuna uso wake, na nilijua haumo, na bado nikazunguka kila kichaka. Watu wanapenda mzee anayeandika maisha yake ajilaumu mahali kama hapa, eti laiti ningekwenda mimi. Mimi sijilaumu. Maji ni maji. Lakini kusema sijilaumu si kusema nalala vizuri.

Ile Jumapili ya maharagwe ilikuwa bado imo ndani ya kamera. Filamu haikuwa imeisha. Tuliimalizia kwenye harusi nyingine, na mimi nikawa nimesahau, Mungu ananijua. Kwenye chumba cha giza niliweka karatasi kwenye dawa nikitegemea bibi harusi, nikaona kizingiti kinakuja, kisha uteo, kisha mikono. Uso hutangulia machoni. Macho ya Saru yakatokea chini ya maji yakiniangalia moja kwa moja, na nikangoja meno. Meno hayakuja. Hakuwa anacheka. Uso ule uliokuwa umecheka mbele yangu nikizungusha lenzi ulikuwa umetulia kabisa, umekuwa mtu mzima, na midomo ilikuwa imeanza kuachana kidogo tu, kama mtu anayeanza neno. Bwana Athmani akainama karibu.

"Alikuwa asema nini huyu?"

"Sijui."

"Si wewe uliyekuwa nyuma ya kamera?"

"Kioo kilikuwa juu."

Akatikisa kichwa, akanichukulia kibanio mkononi, akaimalizia picha mwenyewe. Tangu siku ile nimejaribu kila neno ndani ya mdomo ule. Jina langu halikai. "Mama" linakaa kidogo. Nimeolewa, nimezaa, nimefungua studio yangu mwenyewe na kujenga nyumba za kupangisha kwa picha za kipande, na katikati ya kazi, mteja akitulia mbele ya lenzi na midomo yake ikaanza kuachana, nimekuwa nikiteremsha kamera na kumwuliza, "Unasema?" Wengi wanasema hawajasema kitu. Nilipofunga studio, simu zilipotumaliza, sehemu yangu moja ilishukuru.

Nyanya yake Saru alishuka Voi akiwa na Mkamburi mkononi. Mke wa Bwana Athmani akawapa chai na mahamri kule nyuma, na mkongwe yule hakugusa. Lazima nieleze jambo hapa. Zamani kwetu, mtu mzima akishazikwa na muda ukapita, watu wa ukoo walirudi kaburini wakakitoa kichwa, wakakipeleka kwenye pango la ukoo, kikae na waliotangulia. Misheni ilipoingia mambo hayo yalikufa, na yule nyanya mwenyewe alikuwa amebatizwa. Na hata zamani, msichana ambaye hajaolewa hangewekwa pale. Yeye alikuwa analijua hilo kuliko sisi. "Mimi mtanizika na nyimbo zenu, sitakataa," alimwambia Bwana Athmani kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, nami nikawa nafasiri. "Lakini huyu amelala wapi? Hana kaburi. Kichwa chake kiko mchangani na fisi. Nimesikia mna uso wake. Nipeni nimrudishe nyumbani."

Bwana Athmani akampa picha. Akaitazama muda mrefu, hakulia. Kisha akasema, "Na ile nyingine." Alikuwa ameelezwa na mtu habari ya negativu, kile kipande cha filamu ambacho picha husafishwa kutoka kwacho.

"Mama, hiyo ndiyo inayozaa picha nyingine," Bwana Athmani akasema. "Niachie, nitawatolea za ukutani, za wazazi wake."

"Ndiyo maana naitaka. Mtu hakai mahali pawili. Mkimweka nusu kwenye sanduku lenu na nusu kule juu, atakuwa anatembea kati ya Voi na Mbololo, hafiki kokote."

Nilifasiri neno kwa neno. Bwana Athmani alikuwa Mwislamu safi, mambo ya mapango aliyaogopa, lakini alikuwa amezichuma zile picha kwenye miiba. Akachukua mkasi. Nasikia mpaka leo ule mkasi ukikata filamu, sauti ndogo, kama mtu anayekata ukucha. Nyanya akaweka vyote viwili ndani ya kopo la kakao, akakaza kifuniko kwa kiganja. Mkamburi alinyoosha mkono. "Nami nimwone dada." Nyanya akamwambia, "Utamwona ukikua." Baba yao alikuwa mtu wa kanisa, anasoma somo Jumapili. Hakuja kuomba nakala, wala mama yao hakuja, wala ndugu yeyote, kwa sababu kuomba nakala kungekuwa kukubali kwamba wanajua ya kwanza imekwenda wapi. Wote walijua. Wakanyamaza kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomfuta yule msichana. Kipande alikuwa hajachukua. Picha ya shule haikuwapo. Alikaa mwaka mzima kwenye studio akiwakunja watu kola, na uso wake ulipigwa mara moja.

Basi turudi dukani. Kyalo alinipa ndogo ya kwanza isiyo na kioo, nzuri, ya rangi ya fedha, lakini haikuwa na kitundu cha kuchungulia, ni skrini tu. Nikatoka nayo mlangoni kwenye jua la Voi. Nikaona uso wangu na mawingu. "Hii ni ya watu wa vivulini," nikamwambia. Ya pili ilikuwa na kitundu, lakini nikibonyeza kinakuwa cheusi. "Hiyo ni kidogo tu, Mama Shali, hata hauinotisi," akasema. "Mimi nainotisi," nikasema. Akakuna kichwa, akaingia chini ya meza, akatoka na moja iliyochubuka pembeni, ya miaka ya nyuma, lenzi yake fupi haijatokeza kama pua. Akabonyeza bonyeza ndani ya menyu zake. "Hii nimeiweka isilie. Watu wa kanisani wanapenda. Lakini betri yake inakufa haraka, nitakuongezea ya pili." Nikamlenga. Nikabonyeza huku yeye anainua kidole kujikuna pua, na nikakiona kile kidole kinaondoka, kinapanda, kinafika. Hakukuwa na giza mahali popote.

"Umepiga?" akauliza.

"Nimepiga."

"Hata sijasikia."

"Mimi nimeona," nikamwambia, nikaketi kwenye kiti chake kidogo kuhesabu pesa. Akaniletea maji. Nilikuwa nimejiambia kwamba kwa kamera hii nitauza mbuzi, lakini ng'ombe siuzi. Ng'ombe wangu bado yuko.

Nilimkuta Mkamburi jikoni kwake Mbololo, mchana, ameweka sufuria ya kimanga motoni. Nilimwambia sina maneno ya uso wa dada yake, na nimetafuta. "Lakini wewe ni damu yake. Kaa hapo kizingitini, nikutazame. Kama yumo nitamjua, nitakupiga hapo hapo, uone mwenyewe." Hakuniuliza kama nina akili timamu. Akavua kitambaa cheupe, akaketi, na kwa vile mwanamke wa kwetu hawezi kukaa mikono mitupu, akajivutia uteo wa maharagwe. Nilipiga goti. Magoti yangu siku hizi yanalia kuliko kamera yoyote.

"Cheka kidogo."

"Nicheke nini, na wewe umekuja kutafuta maiti usoni kwangu?"

"Cheka hivyo hivyo."

Akatoa meno, machache aliyo nayo. Nikatazama. Alikuwa Mkamburi tu. Nikazungusha lenzi, nikarudi, jasho likaniingia jichoni, nikafuta, nikatazama tena. Alikuwa bado Mkamburi, anacheka na kuvumilia. Kijiko cha mbao kilianguka ndani, hakuna aliyegeuka. Halafu, polepole, kicheko kikamchoka. Nilikiona kikishuka. Kwanza kiliondoka machoni, kisha mashavu yakarudi mahali pake, kisha midomo ikafunga, na uso ukabaki hauna mtu wa kumfurahisha. Macho yakanitazama moja kwa moja. Nikamwona. Alikuwa yule yule wa chini ya maji, amezeeka. Midomo ikaanza kuachana na kidole changu kikashuka chenyewe, na hakukuwa na giza, kioo hakikuruka, nilikuwa ndani ya kile kipande cha wakati nikiwa macho, na nikaisikia midomo ile ikimaliza neno lake.

"Bado?" akasema Mkamburi.

Ni hilo tu. Ni neno la mtu aliyekaa juani anangoja fundi mzembe, na maharagwe hayajachaguliwa. Siwezi kuapa kwamba Saru alisema hilo. Hakuna atakayeweza. Lakini nimeliweka ndani ya ule mdomo, na linakaa.

"Tayari," nikamwambia.

Nikamgeuzia skrini. Akaishika kamera kwa mikono miwili kama bakuli la moto, akairudisha nyuma, akaileta karibu. Kisha akaweka kidole gumba juu ya mvi zake pale kwenye picha, na gumba jingine juu ya shingo iliyokunjamana, yakabaki macho na mdomo. Kimanga kikaanza kuungua ndani, harufu ikatoka mpaka mlangoni, na hakuinuka. Halafu akaondoa vidole, akafuta skrini kwa leso, akanirudishia kamera na kujifunga kitambaa chake cheupe, akakinyoosha vizuri kwenye paji.

"Hiyo ni ya Saru," akasema. "Sasa nipige yangu."